NENO REFU SI USHINDI
Jinsi ya kuamua unapocheza Scrabble

Wako wengi humu shuleni ambao wakiuona ubao wa Scrabble mezani hupita wakisema, "Huo ni mchezo wa bahati tu. Ukiokota herufi nzuri unashinda, ukiokota mbaya umekwisha." Wengine nao hudhani kwamba mshindi ni yule aliyemeza kamusi, mwenye maneno marefu ambayo hata mwalimu hayajui. Makundi yote mawili yana ukweli kidogo. Bahati ipo, na msamiati unahitajika. Hata hivyo, wachezaji wawili wanaojua maneno yaleyale na kuokota herufi zilezile wanaweza kuachana kwa pointi mia. Linalowatenganisha ni uamuzi. Makala hii inaeleza uamuzi huo hufanywa vipi.

Kwanza, kwa manufaa ya mgeni, nieleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Scrabble ilibuniwa na Mmarekani Alfred Butts, msanifu wa majengo aliyekosa kazi wakati uchumi wa dunia ulipoporomoka miaka ya 1930. Jina hili tunalolijua lilipatikana mwaka 1948. Ubao una vyumba 225, yaani 15 kwa 15. Kete ni 100: kete 98 zina herufi na mbili ni tupu, ambazo mchezaji huzipa herufi yoyote aitakayo. Kila mchezaji huwa na kete saba mbele yake, na kila akiweka neno huokota nyingine mfukoni kufidia. Herufi rahisi kama A, E na N zina pointi 1, ilhali K ina 5, J na X zina 8, Q na Z zina 10. Kuna vyumba vya rangi vinavyozidisha pointi za herufi au za neno zima mara mbili au mara tatu. Ukifaulu kuziweka kete zote saba kwa mpigo mmoja, unapewa zawadi ya pointi 50 juu ya pointi zako.

Katika mashindano, watu wawili hukabiliana na kila mmoja hupewa dakika 25 kwa mchezo mzima. Akipitisha, hukatwa pointi 10 kwa kila dakika. Kwa hiyo hata kufikiri kuna bei yake!

Mashindano makubwa ya Afrika Mashariki na ya dunia tunayoyasikia huchezwa kwa Kiingereza. Lakini kwa kuwa hili ni jarida la chama chetu, mifano mingi nitaitoa kwa Kiswahili, nikitumia kete na pointi za seti ileile inayouzwa madukani. Kila zamu ikifika, mchezaji mzuri hujiuliza maswali manne. Hebu tuyatazame moja moja.

SWALI LA KWANZA: NITAPATA POINTI NGAPI?

Tuseme wewe ndiwe unayeanza, na kete zako ni K, U, Z, A, A, N, I. Neno la kwanza lazima lipite katikati ya ubao, penye nyota, na nyota hiyo huzidisha neno mara mbili. Wengi wetu tutaona KAZI mara moja. K ni 5, A ni 1, Z ni 10, I ni 1: jumla 17, mara mbili 34. Si haba!

Ngoja kwanza. Kuna KUZAA. Neno la herufi tano linaweza kufika kwenye chumba cha herufi maradufu kilicho hatua nne kutoka kwenye nyota. Ukilianzia kwenye nyota, A ya mwisho ndiyo itakayokaa kwenye chumba hicho, na utapata 38. Ukilisogeza ili limalizikie kwenye nyota, K ndiyo itakayokaa pale na kuhesabiwa 10 badala ya 5, nawe utapata 46. Neno ni lilelile, kete ni zilezile, lakini kulisogeza tu kumekuletea pointi 8 za bure.

Sasa tazama tena. NIKAUZA! Nilienda sokoni na kuku wangu, nikauza. Kete zote saba zimetumika. Ukilianza chumba kimoja kabla ya nyota, Z itaangukia chumba cha herufi maradufu na kuhesabiwa 20. Jumla ni 30, mara mbili 60, pamoja na zawadi ya 50 unapata 110. Aliyekimbilia KAZI kaacha pointi 76 mezani.

Funzo ni kwamba katika Kiswahili usitafute majina peke yake. Kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati na shamirisho mwilini mwake. Mwenye NI, KA, LI, TA au ME mkononi na atazame kama kitenzi kinajificha hapo. Ila mkubaliane kabla ya kuanza kama vitenzi vilivyonyambuliwa hivyo vinaruhusiwa. Ukifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, utaikuta "uza", lakini hutaikuta "nikauza". Mkinyamazia jambo hili mwanzoni, mtagombana katikati ya mchezo.

SWALI LA PILI: NABAKI NA NINI?

Hapa ndipo wanagenzi wengi hukwama. Wao huangalia pointi za zamu hii tu, wakasahau kwamba kete wanazoziacha mkononi ndizo chakula cha kesho. Ukitumia irabu zako zote na kubaki na H, F, G na B, zamu ijayo utakaa ukiangalia dari. Akiba haiozi, lakini ni lazima iwe akiba ya vitu vinavyolika. Kwa Kiswahili, ambapo takriban kila silabi huishia kwa irabu, ni vyema ubaki na mchanganyiko: irabu mbili kwa konsonanti mbili, kwa mfano.

Wachezaji wa Kiingereza wana hazina mbili wasizozitoa ovyo. Moja ni kete tupu, ambayo mabingwa huikadiria kuwa na thamani ya pointi 25 hadi 30 ikitunzwa vizuri, ingawa yenyewe ina pointi 0. Ya pili ni S, kwa sababu majina mengi ya Kiingereza hupata wingi kwa kuongezewa S mwishoni. S moja inaweza kurefusha neno la mwenzako na papo hapo kuanzisha lako. Kuitoa S kwa faida ya pointi mbili tatu ni sawa na kuuza ng'ombe kwa bei ya maziwa.

Lakini kuna hatari ya upande wa pili, nayo ni kutunza kupita kiasi. Tuseme unashika M, T, I, H, A, N na F. Unaona ya kwamba ukipata I moja tu utaandika MTIHANI na kunyakua angalau pointi 62. Ubaoni kuna UNGA, nawe unaweza kuiweka F mbele yake ukapata FUNGA, pointi 9, halafu uokote kete moja ukiomba Mungu iwe I. Au unaweza kuitumia A iliyo ubaoni ukaandika HATIMA mahali penye neno maradufu, ukapata 22. Utafanya lipi?

Tupige hesabu. Tuseme kete 60 bado hujaziona, na kati yake I ni sita na kete tupu ni mbili. Nafasi yako ni 8 kati ya 60, yaani hata moja kati ya saba haifiki. Ukifaulu, utapata kama pointi 40 zaidi ya zamu ya kawaida. Nane kati ya 60 ya pointi 40 ni kama pointi 5. Kwa hiyo unaacha pointi 13 za hakika leo kwa ajili ya pointi 5 za matumaini. Tena hujui kama utapata mahali pa kuliweka neno lenyewe! Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Andika HATIMA, okota kete tano mpya, safari iendelee.

Je, kuna wakati ambapo FUNGA ndiyo sawa? Naam. Ikiwa umeachwa kwa pointi mia na zamu zimebaki mbili, 22 haitakuokoa. Hapo hata nafasi moja kati ya saba ni bora kuliko kutokuwa na nafasi kabisa. Kumbe jibu hutegemea pia hali ya mchezo, si kete peke yake.

SWALI LA TATU: NAMFUNGULIA MWENZANGU MLANGO GANI?

Kila neno unaloliweka ni ngazi ambayo mpinzani anaweza kuipanda. Tazama pembe ya juu kushoto ya ubao. Chumba cha kwanza kabisa ni chekundu: neno mara tatu. Tuseme neno ASALI limeteremka kutoka safu ya juu kabisa, na A yake iko chumba cha tano. Unaamua kuitumia A hiyo kuandika ENDA, ukianzia chumba cha pili. D imeangukia herufi maradufu, unapata pointi 7. Unatabasamu.

Mwenzako ana P. Anaiweka kwenye chumba chekundu, na ENDA yako inageuka kuwa PENDA. Papo hapo anateremsha PAKA kuanzia P ileile. PENDA ni 8, mara tatu 24. PAKA, ambayo A yake ya mwisho imeangukia herufi maradufu, ni 11, mara tatu 33. Jumla ni 57! Wewe umepata 7, naye kapata 57 kwa kete nne. Hata asingekuwa na P, angeweza kutumia T akaandika TENDA, au K akaandika KENDA. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe.

Ndiyo maana ni muhimu kuyajua maneno ambayo hubadilika kwa herufi moja mbele. IMBA huwa SIMBA. ONA huwa PONA, NONA au TONA. AMA huwa KAMA, MAMA au DAMA. Mwingereza hurefusha neno nyuma, sisi hurefusha zaidi mbele. Basi usiliache neno la aina hii likielekea chumba chekundu huku mbele yake pakiwa wazi.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kukumbuka. Ukiwa unaongoza, funga milango: weka maneno mafupi, yabanane, mwenzako akose pa kupitia. Ukiwa nyuma, fungua: tawanya maneno, ukubali hatari, kwa sababu ubao uliofungwa humfaa anayeongoza. Mchezaji anayecheza vilevile akiongoza na akiachwa hajauelewa mchezo.

SWALI LA NNE: MFUKONI KUMEBAKI NINI?

Katika mashindano mchezaji huruhusiwa kuwa na karatasi yenye herufi zote 100, na kila kete ikitoka huifuta. Huo si udanganyifu, ni uhasibu. Mfuko ukiisha, kete ambazo hujazifuta na ambazo hazimo mkononi mwako, zimo mkononi mwa mwenzako. Unamsoma kama gazeti!

Tuseme mfuko umekwisha, unaongoza kwa pointi 9, na unajua mwenzako kabaki na Z na A tu. Ubaoni kuna U iliyo wazi, na mbele yake chumba cha herufi mara tatu. Akiweka UZA hapo, Z itahesabiwa 30 na atapata 32, kisha atakuwa amemaliza. Wewe unaweza kupata 14 kwingineko, au 6 kwa kuiziba U hiyo. Ukichukua 14, utaongoza kwa 23, naye atakupiga 32 na kushinda. Ukiziba, utaongoza kwa 15 na kama hana mlango mwingine, atabaki ameshika Z yake. Ukimaliza kete zako zamu ijayo, anakatwa pointi 11 za kete alizobaki nazo na wewe unaongezewa 11 hizohizo. Pointi 6 zimeshinda pointi 14.

Vilevile, kumbuka kwamba unaruhusiwa kubadilisha kete mbaya kwa kupoteza zamu, lakini kwa sharti kwamba mfukoni kuna kete saba au zaidi. Anayengoja mpaka mwisho ndipo aitupe Q, atakuta mlango umefungwa.

BINGWA KUTOKA AFRIKA

Huenda ukasema haya ni nadharia tu. Basi tazama yaliyotokea Perth, Australia, mwaka 2015. Mnigeria Wellington Jighere alimshinda Mwingereza Lewis Mackay kwa michezo minne kwa bila katika fainali ya mashindano ya dunia. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza tangu mashindano hayo yaanze London mwaka 1991.

Kilichowashangaza wengi ni mtindo wa Wanigeria. Miaka mingi mabingwa walitukuza maneno marefu ya kete saba na zaidi kwa sababu ya ile zawadi ya 50. Wanigeria walijizoeza kuuliza swali jingine: je, neno hili refu halitanimalizia herufi nzuri na kumfungulia mpinzani ubao? Mara nyingi waliona heri neno la herufi nne au tano lenye pointi za kutosha, linaloacha akiba nzuri na kufunga mlango. Katika mchezo wa mwisho wa fainali hiyo, Jighere aliandika FELTY, herufi tano tu, akapata pointi 36. Haba na haba hujaza kibaba.

Tusielewe vibaya, lakini. Maneno marefu hayajafa, na bingwa asiyeyajua hafiki mbali. Jambo ni kwamba urefu wa neno ni jibu la swali moja tu kati ya yale manne.

Mwaka huohuo wa 2015, Nigel Richards wa New Zealand alishinda mashindano ya dunia ya Scrabble ya Kifaransa bila kukijua Kifaransa! Alikuwa amejifunza orodha ya maneno kwa wiki kama tisa hivi. Mwaka 2024 akafanya vivyo hivyo kwa Kihispania. Wenye lugha yao walibaki vinywa wazi. Kuongea lugha ni jambo moja, kuamua ubaoni ni jingine.

JE, SETI HII INATUFAA SISI?

Hapa nina hoja kwa wanachama na walimu wetu. Butts alipotaka kujua kila herufi iwe na kete ngapi, alihesabu herufi katika magazeti ya Kiingereza. Ndiyo maana E ni 12 na A ni 9. Katika Kiswahili A ndiyo malkia wa herufi zote. Irabu zote katika seti ni 42 na konsonanti ni 56, na sisi ambao irabu hutufuata kila silabi hubaki mwishoni na rundo la konsonanti zisizo na mume. K ni moja tu, ilhali sisi hatuwezi kusema sentensi mbili bila K. Q na X hatuna kazi nazo kabisa. C haina maana bila H, na H zenyewe ni mbili tu, kwa hiyo ukishika C, itunze H kama mboni ya jicho au uibadilishe mapema.

Kwa upande mwingine, Z, K, W na Y hulipwa pointi nyingi kwa sababu zinamsumbua Mwingereza, lakini kwetu ni rahisi kama maji: ZA, WA, YA, UZA, YAKE, KWAO. Matokeo ni kwamba tukicheza Kiswahili kwa seti ya Kiingereza, anayeokota Z na K hupewa zawadi asiyoifanyia kazi. Hapo yule anayesema "ni bahati tu" hupata hoja ya kweli.

Dawa yake si ngumu. Tuchukue kurasa kadhaa za gazeti la Kiswahili, tuhesabu kila herufi kama alivyofanya Butts, kisha tutengeneze kete zetu kwa kadibodi: A nyingi zenye pointi 1, K za kutosha zenye pointi chache, Q na X tuzitupe nje. Tuamue pia kama CH, NG' na SH ziwe kete moja moja, na vitenzi virefu viruhusiwe kwa kiasi gani. Hiyo ni kazi ya vipindi viwili vitatu vya chama, na itatufunza lugha yetu kuliko hotuba nyingi. Seti ikiwa ya haki, ushindi utabaki kwa anayeamua vyema.

Kabla sijaweka kalamu chini, nakukumbusha maswali yetu manne. Pointi ngapi? Nabaki na nini? Namfungulia nini? Mfukoni kuna nini? Yaandike kwenye kipande cha karatasi ukae nacho kando ya ubao mpaka yaingie damuni. Utashangaa jinsi "bahati" itakavyoanza kukutembelea mara kwa mara.

Kila la heri, na tukutane ubaoni!